Naomba ushauri: jirani yangu anaitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu

Wakuu, habari. Nipo kijijini huku Shinyanga kikazi. Jirani yangu ni bibi mjane, na kijiji kizima kinamwita mchawi, eti macho mekundu. Macho yenyewe ni moshi tu: miaka yote anapikia kuni na samadi kwenye kijumba kisicho na dirisha.

Mwezi jana mwanangu alipopandwa na homa usiku, ni yeye aliyemkanda kwa kitambaa cha maji mpaka alfajiri. Tangu hapo namchotea ndoo mbili kila asubuhi, naye hutuletea matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) kwenye bakuli lililofunikwa kwa kanga. Tunakula, na ni matamu kweli.

Sasa mama mkwe kasikia, hataki mjukuu aguse chakula kile. Juzi vijana wawili wameniuliza kama "nimeshalishwa". Huku vikongwe wamekatwa mapanga kwa maneno kama hayo, kwa hiyo sicheki. Najua Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini nikienda kwa mtendaji wa kijiji nahofia kumzidishia bibi matatizo.

Niende, au kwanza nimjengee jiko lenye bomba la moshi? Na mama mkwe nimwambieje bila kumvunjia heshima?