Mnanaha katikati ya mnavu: tupeane uzoefu wa kuutambua

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninaomba kila aliyewahi kukutana na mnanaha, mmea wa sumu unaojiotea katikati ya mboga ya mnavu, hapa Mombasa aeleze alivyoutambua, kwa sababu wengi wetu tunalijua ua lake lakini hatulijui jani lake, na jani ndilo lililotuponza nyumbani kwetu Kisauni.

Mwaka jana, baada ya mvua za masika, halati yangu alichuma mnavu uliojiotea nyuma ya nyumba, karibu na jaa, na pamoja nao akachuma miche michanga ya mnanaha ambayo haikuwa imetoa ua hata moja. Haikutimia saa moja baada ya kula, akalalamika kwamba kinywa kimemkauka na maji hayamkati kiu. Kisha mboni zikapanuka, ngozi ikawa ya moto bila tone la jasho, akawa anazungumza na watu wasiokuwapo. Jirani alidhani amepandwa na shetani na akashauri asomewe kwanza. Tulimkimbiza hospitali tukiwa na mabaki ya mboga na mche mmoja tuliong'oa palepale, na daktari alipouona alijua mara moja anatibu nini. Akili yake ilirudi sawasawa siku ya pili.

Tangu siku ile sichumi kitu bila kukikagua. Jani la mnavu ni dogo na laini, na ua lake ni kinyota kidogo cheupe. Jani la mnanaha hupanuka haraka, kingo zake zina meno makubwa yasiyolingana, na ukilifikicha hutoa harufu ya kuchukiza ambayo mnavu hauna kabisa. Ukikomaa hutoa ua refu lenye umbo la tarumbeta, jeupe au la urujuani, linalofunguka jioni, kisha tunda lenye miiba ambalo hukauka na kupasuka pande nne. Mmea huu ulitoka bara la Amerika, nao ni wa ukoo mmoja na nyanya na biringanya. Sumu yake, yaani atropini na skopolamini, imo kuanzia mzizi hadi mbegu, na kuuchemsha hakuufanyi uwe salama.

Mwanachama wa Kongowea: Ninauza mboga za kienyeji sokoni. Fungu likiniletea harufu nisiyoizoea, ninalifungua lote mbele ya mkulima, hata kama wateja wanangoja.

Mwanachama wa Likoni: Kwetu upo pia muranha, ndugu yake, ambao tunda lake ni la mviringo, lina vinundu na huinama chini. Marehemu bibi yangu aliyakausha majani yake na kuvuta moshi wake kwa ajili ya pumu. Ninamheshimu sana bibi, lakini wanangu sitawaruhusu, kwa kuwa hakuna awezaye kujua jani moja limebeba sumu kiasi gani.

Mwanachama wa Bamburi: Vaeni glavu mnapong'oa mnanaha, na ung'oeni kabla haujazaa, maana mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikiwa hai. Mimi niliung'oa kwa mikono mitupu, kisha nikajifuta jasho machoni. Mboni ya jicho la kulia ilipanuka peke yake, mwanga ukawa unaniumiza, na nilishindwa kusoma hadi kesho yake jioni.