Uchovu baada ya kemo: kubonyeza nukta za mwili kunasaidia?

Mama Tunu: Habari zenu wapendwa. Nilimaliza kemo (dawa za saratani) na mionzi ya saratani ya titi mwezi wa tatu. Vipimo viko safi, alhamdulillah, ila uchovu haujaniachia. Nikifagia uwanja, sifiki nusu, nakaa chini ya mwembe fagio likiwa mkononi. Nikilala naamka nimechoka vilevile. Nyumbani wanasema, "Si umeshapona?" Wifi kaniambia kuna kubonyeza nukta za mwili kwa vidole, wanaita akupresha. Kuna aliyejaribu? Haina madhara?

Bi Shemsa: Pole mdogo wangu. Huo si uvivu, usikubali mtu akwambie hivyo. Mimi nilifanya kila usiku kabla ya kulala: katikati ya nyusi, kisha kwenye mkunjo wa kiganja na mkono, upande wa kidole kidogo. Dakika 3 kila mahali, unazungusha kidole polepole. Bonyeza kama unavyolibonyeza embe kujua limeiva. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya nne nikaanza kulala.

Mzizi Asilia: Nina unga unaomaliza uchovu siku 7. Nitafute pembeni.

Nesi K: Mama Tunu, huo unga uache, hatujui una nini ndani. Akupresha ina ushahidi. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa utafiti 2016: wanawake 288 waliotibiwa saratani ya titi, wiki 6, wakijibonyeza wenyewe kila siku. Waliobonyeza nukta za kutuliza, kama hizo za Bi Shemsa, karibu theluthi mbili uchovu wao ulirudi kiwango cha kawaida. Wasiobonyeza, chini ya theluthi moja. Nukta za kuchangamsha nazo zilipunguza uchovu, ila usingizi uliboreka kwa wale wa kutuliza tu.

Lakini kwanza kapime wingi wa damu na tezi ya shingo, maana uchovu wako unaweza kuwa upungufu wa damu, na huo haubonyezwi. Usiguse mkono uliovimba wala ngozi iliyoungua na mionzi. Ukiona unavilia damu ovyo, acha, mwone daktari.

Baba Neema: Mke wangu kilichomsaidia ni kutembea. Alianza mpaka kwa jirani na kurudi, basi.

Mama Tunu: Nashukuruni sana. Damu sijapima tangu mwezi wa tatu, Jumatatu naenda. Da Shemsa, mkono wangu wa kulia ndio ulitolewa tezi za kwapani na jioni huvimba, kwa hiyo nitabonyeza wa kushoto peke yake. Leo usiku naanza na nyusi.