Pomboo wa Kizimkazi: kuogelea nao kupigwe marufuku?

MwanaMenai: Watafiti wamewafuatilia pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, tangu miaka ya 90, na walichokiona ni hiki: boti zikiwazunguka, wanapunguza kupumzika na kuchezeana, wanabaki kusafiri tu. Jumapili nimehesabu boti 14 juu ya pomboo wasiozidi 8, mmoja na mtoto ubavuni. Kila wakiibuka kuvuta pumzi, boti inawakata njia na papasi, hao wanaowatembeza watalii, anawapigia wageni kelele, "Ruka! Ruka!" Watu watazame wakiwa botini, inatosha. Mnasemaje?

NahodhaKusini: Papasi ni kupe. Mimi nina miaka 19 baharini, nina leseni, petroli natia kwa fedha yangu. Nimemnyonya nani?

MwanaMenai: Kaka, sikukutaja wewe.

NahodhaKusini: Umetaja kazi yangu.

Mkwezi2: Wazee wetu walikuwa wakiwavua hao pomboo, nyama yao chambo cha papa. Utalii ndio uliowaokoa. Mkiufukuza, wavuvi watarudi kule kule.

MwanaMenai: Nani kasema tuufukuze? Nimesema watu wasiruke.

Mkwezi2: Mzungu hatoki hotelini alfajiri akatazame pezi kwa mbali.

BiMwani_Paje: Wageni mnawasemea nyinyi. Mimi nalima mwani. Maji yakitoka nakuta kamba zimekatika, vigingi vimeng'oka, wacheza kaiti, wale watalii wanaovutwa na tiara juu ya maji, wamepita. Nikilalamika naambiwa naharibu biashara. Utafiti wa pomboo upo, wa mgongo wangu uko wapi?

Mkwezi2: Mwani unakufa kwa joto la maji, dada, si kaiti.

BiMwani_Paje: Joto linaozesha, halikati kamba! Uliwahi kufunga tungo la mwani hata moja wewe?

Bwejuu_Damu: Muulizeni nahodha mgeni amelipa ngapi hotelini, na yeye kapata ngapi.

NahodhaKusini: Hapo sasa. Nalipwa kwa boti, si kwa kichwa. Nikizima mashine mbali, mgeni analalamika kwa wakala, kesho boti inaitwa nyingine. Namjua mtoto wa pomboo akichoka, anaibuka mara kwa mara. Naumia.

MwanaMenai: Basi tunasema jambo moja. Manahodha wote mkizima mashine pamoja, wakala atamwita nani?

NahodhaKusini: Futa lile neno "papasi" kwanza, ndipo tuzungumze.

BiMwani_Paje: Na kamba zangu je?