Cordier wa Coup de torchon: anawaumbua wakoloni au anatutumia?

Mtazamaji: Wakuu, filamu hii ya Coup de torchon, ya mwongozaji Mfaransa Tavernier, ya 1981, imenikaa kichwani. Mwigizaji Noiret ni Cordier, polisi wa kimji cha Afrika Magharibi ya Kifaransa, 1938. Kila mtu anamdharau, hata mkewe. Ghafla anaanza kuua, nasi tunacheka. Riwaya iliyoizaa filamu hii, Pop. 1280 ya Jim Thompson, ni ya kusini mwa Marekani. Kuileta Afrika kulikuwa kuwaumbua wakoloni, au Mzungu alihitaji tu watu weusi wa kupita nyuma yake?

Binti wa Tanga: Kutumiwa tu. Vendredi, mtumishi, anarudisha maiti ya bwana wake, Cordier anampiga risasi. Huyo alimkosea nani?

Lubumbashi: Hakumkosea mtu, na hiyo ndiyo hoja! Cordier anajiona anafagia waovu, kumbe anaua yeyote. Kuna Wazungu humo wanalenga shabaha maiti za Waafrika zinazoelea mtoni. Umbuo gani zaidi mnataka? Ila ninyi wa Mashariki Mwingereza aliwatawala kwa chai, hamtaelewa.

Binti wa Tanga: Kwa chai? Kambi ya Hola, Kenya, 1959: wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Futa hiyo kauli.

Kinjekitile Jr: Na Mjerumani je? Bibi zetu walituachia "hamsa ishirini", viboko 25 mbele ya watu. Maji Maji ilikuwa chai?

Lubumbashi: Kiboko Kongo kilichapa mpaka miaka ya 1950. Msinifundishe kiboko.

Kinjekitile Jr: Hakuna anayekufundisha. Wewe ndiye umepanga makaburi kwa daraja, la kwako juu.

Mtazamaji: Jamani, Cordier!

Binti wa Tanga: Cordier ndiye huyu tunayegombana naye. Kule Hola wakubwa wa Kiingereza walidai kwanza wale watu walikufa kwa maji waliyokunywa. Mwenye bunduki ndiye anayeandika ripoti, kama Cordier.

Lubumbashi: Hapo nakubali. La Vendredi sikubali. Angeachwa hai, watu wangetoka ukumbini wakimpenda Cordier.

Binti wa Tanga: Kwa hiyo Mwafrika afe ili Mfaransa aliyekaa ukumbini ajifunze? Hilo ndilo ninalolikataa tangu mwanzo.

Kinjekitile Jr: Na ile ya chai bado hajaifuta.