Mrejesho: bomba la moshi la Hilux

Ndugu zangu, niliwauliza kama nilehemu tu au nibadilishe bomba lote la moshi la Hilux yangu hapa Goma. Nimebadilisha, kuanzia kwenye manifoldi, pale moshi unapotoka kwenye injini, mpaka mkiani. Aliyesema kulehemu ni kutupa pesa alisema kweli: fundi aligonga bomba la kati kwa bisibisi, likamomonyoka kama biskuti, kutu tupu. Bolti za flanji, yaani bapa zinazounganisha vipande vya bomba, ziligoma, zikapashwa moto mpaka zikawa nyekundu, na bado mbili zikakatika. Gasketi za kuziba maungio ni mpya, na mipira ya kuning'inizia pia, maana haya mawe ya volkano hayana huruma. Ili kupima kama panavuja, tukaziba mkia wa bomba kwa kitambaa injini ikiunguruma. Hakuna maungio yaliyovuja. Harufu ya moshi ndani ya gari imekwisha. Sasa kwa utulivu huu ndiyo nasikia springi za nyuma zinavyolia!