Je, ni sheria iliyouokoa msitu wa El Yunque, au ni milima yake?

Mdadisi wa Visiwani
Ndugu zangu, ninafuatilia historia ya hifadhi za misitu ya visiwani. Kila ninaposoma habari za El Yunque, msitu wa mvua ulio katika milima ya Luquillo mashariki mwa Puerto Rico, naelezwa kwamba umehifadhiwa tangu mwaka 1876, Mfalme Alfonso XII wa Hispania alipoutangaza kuwa hifadhi. Linalonitatiza ni kwamba kufikia miaka ya 1940 sehemu kubwa mno ya misitu ya kisiwa hicho ilikuwa imekwisha kufyekwa kwa ajili ya miwa, kahawa, tumbaku na makaa. Je, ni tangazo la mfalme lililouokoa msitu huu, au kulikuwa na sababu nyingine?

Mvule
Tangazo lilisaidia, lakini naamini milima ndiyo iliyotangulia kuulinda. Vileleni hunyesha zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, miteremko ni mikali na udongo hauishi kulowa, kwa hiyo mkulima hakuwa na sababu ya kupanda hadi huko. Miteremko ya chini, inakoota miti ya tabonuco, haikuwa na kinga hiyo, na huko watu walipasua mbao, wakachoma makaa na kulima. Marekani ilipokitwaa kisiwa mwaka 1898, Rais Theodore Roosevelt aliutangaza msitu huo upya kuwa hifadhi mwaka 1903; hata hivyo, kilichohifadhiwa kilikuwa ardhi iliyokuwa mali ya taji la Hispania, na mashamba ya watu binafsi yaliyouzunguka yaliendelea kama kawaida.

Bi Mwanamisitu
Kuhusu vilele nakubaliana nawe, Mvule, ila si haki kuishia hapo, kwa sababu kazi kubwa zaidi ilifanyika baadaye na kwa mikono ya watu. Katika miaka ya 1930 serikali ilinunua mashamba yaliyochoka na kutelekezwa kwenye miteremko ya chini, na vijana wasio na ajira, waliokusanywa chini ya mpango ulioanzishwa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1933, wakapanda miti, mahogani ikiwemo, wakachonga njia na kujenga minara. Mwaka 1939 kikaanzishwa kituo cha utafiti, ambacho miongoni mwa kazi zake kilitafuta miti inayoweza kustawi katika ardhi iliyochakaa. Kwa hiyo sehemu nzuri ya msitu wa chini ambao wageni huudhani kuwa wa kale ni msitu uliorudi, na jambo hilo linastahili kusemwa wazi kila unapotajwa mwaka 1876. Mbao nazo zilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa mojawapo ya malengo ya msitu huo. Mwaka 2005 ndipo Bunge la Marekani lilipotenga takribani ekari 10,000 za El Toro, kati ya ekari 28,000 hivi za msitu wote, zibaki bila barabara wala majengo.

Shabiki wa Ndege
Naomba niongeze habari za kasuku wa Puerto Rico, maana ndiye anayeonyesha mpaka wa sheria zote mlizozitaja. Hutaga katika mapango ya miti mizee, hasa palo colorado, na miti hiyo ilipopungua alibaki bila makao. Mwaka 1975 walihesabiwa 13 tu porini, wote El Yunque, ndani ya msitu uliokuwa na ulinzi wa karne nzima. Watunzaji wakaweka viota vya kutengeneza na kuzalisha makinda kizuizini. Kimbunga Hugo cha mwaka 1989 kiliwapunguza tena, na Maria cha mwaka 2017 kikawamaliza wale wa porini katika El Yunque. Waliosalimika ni waliokuwa kizuizini, pamoja na baadhi ya wale walioanza kuachiwa mwaka 2006 katika msitu wa Río Abajo, magharibi zaidi. Mwaka 2020 kasuku waliozalishwa kizuizini wakaanza kuachiwa upya El Yunque.