Bro kamdoleshea mama karatasi na mama mwenyewe hajui ni za nini, nifanyeje?

Kitinda mimba
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kabla sijafanya kitu nikaja kujuta. Mama yetu ana miaka 79, mzee alishatangulia zamani, tumezaliwa watatu na mimi ndo wa mwisho. Mama anaishi kwenye nyumba yake, hati ina jina lake, bro mkubwa anakaa naye pamoja na familia yake. Tangu mwaka jana bi mkubwa kaanza kusahau sahau, anaweza kukuuliza kitu kimoja mara tatu, halafu kesho yake yuko freshi kabisa anakukumbusha hela uliyomkopa ukiwa shule.

Sasa wiki mbili zilizopita tunaongea kwenye simu akaniambia kaka yako alinipeleka nikaweka dole gumba ili pensheni isisumbue. Nikamuuliza bro, akasema ni hati ya uwakili tu, mama kampa mamlaka ya kusaini badala yake, nisiwe na presha. Nikaomba kopi, mpaka leo ananizungusha, mara iko kwenye gari mara ameiacha kazini. Na shemeji ulimi ukamteleza mbele ya dada kwamba nyumba "ishakaa sawa". Hapo ndo usingizi ulipoisha.

Kuna jamaa anaweza kuniandalia karatasi kama hiyo ila yenye jina langu, nataka wikiendi hii nimchukue mama kama vile anakuja kunitembelea aweke dole tufute ile ya bro. Dada yeye anasema tutulie tu, siku mama akiondoka tutaonana mahakamani. Niko sahihi mimi au dada?

Jiwe la pembeni
Mama yuko hai mshaanza kugawana daah

Kitinda mimba
Mkuu sigombanii nyumba, nina kwangu. Naogopa asije akatolewa humo uzeeni.

Karani mstaafu
Wote wawili hamko sahihi, usikasirike. Nimechapa hizi hati miaka mingi kwenye ofisi ya wakili, ngoja nikueleze taratibu.

Hati ya uwakili haimpi kaka yako nyumba. Inampa kazi ya kufanya kwa niaba ya mama na kwa faida ya mama, anatakiwa hela za mama zikae mbali na zake na aweze kuonyesha zimeenda wapi. Kujiuzia au kujigawia mali ya aliyemtuma hairuhusiwi mpaka iwe imeandikwa wazi humo ndani, na hata ikiwa imeandikwa mahakama huwa inaiangalia kwa jicho kali hasa kama mzee ni wa kusahau na anamtegemea huyo huyo kwa chakula na dawa. Na siku mama akifa uwakili unakufa naye, baada ya hapo ni mambo ya wosia na mirathi.

Kinachotakiwa kukunyima usingizi ni kama kulikuwa na karatasi ya pili, yaani hati ya zawadi au ya kuhamisha umiliki. Wosia mama anaweza kuubadilisha hata kesho. Zawadi ikishasajiliwa imetoka mkononi, kuirudisha ni kesi. Kwa hiyo kabla ya yote nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi uone jina la nani liko pale leo hii, na kama bado ni la mama wakili atawaambia jinsi ya kuweka zuio. Dada anaposema msubiri mama afe ndo anaharibu kabisa, maana shahidi namba moja wa kile alichoambiwa siku ile ni mama mwenyewe, na mtu aliyedanganywa aina ya karatasi anayoweka dole ana pa kuanzia kuipinga, sasa yeye akishaondoka nani ataeleza?

Na wewe huo mpango wa "kama anakuja kunitembelea" unatofauti gani na alichofanya kaka yako?

Kitinda mimba
Hiyo sentensi ya mwisho imenichoma aisee. Lakini kama anasahau si watasema hana akili timamu hata akifuta haitakubalika?

Nesi wa zamu
Nafanya kazi na wazee, hapa watu wengi wanakosea. Kusahau sio sawa na kukosa uwezo wa kuamua. Sheria ya Uingereza ya 2005 ya mambo haya ndo inavyoanza, kwamba mtu mzima ahesabiwe ana uwezo mpaka ithibitishwe hana, na kuamua kitu ambacho watoto wanakiona cha kijinga sio ushahidi kwamba akili imekwenda. Wanaangalia kama anaelewa anachoambiwa, anakishika kwa muda wa kutosha kuamua, anapima faida na hasara, na anaweza kueleza jibu lake hata kwa ishara. Tena ni kwa jambo moja moja, mtu anaweza ashindwe kupiga mahesabu ya mkopo lakini anajua vizuri kabisa nani akae na hati ya nyumba yake.

Kwa hiyo mpelekeni kwa dokta ampime kwa ajili ya jambo hilo hilo, ripoti iwe na tarehe, ikiwezekana siku ile ile anayosaini. Chagueni asubuhi, wengi ndo wanakuwa vizuri, na awe amevaa miwani yake!! Sio utani, nimeshaona mzee anaambiwa amechanganyikiwa kumbe haoni vizuri.

Fundi wa kimya kimya
Ongezea hapo, sehemu nyingi uwakili wa kawaida unakufa mama akipoteza uwezo wa akili, isipokuwa ile aina maalum iliyotengenezwa ili iendelee. Akishafika huko inabidi muombe mahakama iteue msimamizi, ni gharama na ni muda, na mama anapoteza sauti. Msichelewe.

Mama Pacha
Kwetu ilikuwa shangazi. Mtu mmoja wa nyumbani alikuwa na karatasi kama hiyo, anatoa kidogo kidogo benki, hakuna aliyeshtuka mpaka dawa zikakosekana. Shangazi aliifuta kwa maandishi lakini hatukupeleka nakala benki, na wao wakaendelea kumlipa yule yule kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ukifuta peleka kila mahali ile karatasi ilipofika na ugongewe muhuri wa kupokea. Shirika la Afya Duniani wanakadiria mzee mmoja kati ya sita amefanyiwa ubaya wa aina fulani ndani ya mwaka, na hela ni mojawapo, wengi hawasemi kwa sababu anayewaibia ndo anayewapikia.

Firstborn mchovu
Mimi ndo huyo bro kwenye familia yangu. Naamka usiku kumgeuza mzee, nasimama foleni ya pensheni, wadogo zangu wanapiga simu Jumapili wanauliza karatasi. Labda kaka yako ni mwizi sijui, labda kachoka. Umeshamuuliza mama anataka nini au mnaongea juu ya kichwa chake tu?

Kitinda mimba
MREJESHO. Samahani nimekaa kimya siku kumi na mbili.

Nilifanya upekuzi kwanza, nyumba bado ni ya mama. Halafu nikaenda nyumbani nikamuuliza mbele ya bro na dada, hakuna kujificha. Akasema alijua ni ya pensheni, habari ya kuuza nyumba hakuambiwa. Tukatafuta wakili ambaye hamjui yeyote kati yetu, asubuhi tumetoka kwa dokta na ripoti mkononi. Wakili alimtoa bro nje, nikawa nacheka moyoni, akanitoa na mimi. Wamekaa na mama peke yao kama lisaa.

Ile hati kumbe ilikuwa na kipengele cha kuuza. Kaifuta. Katengeneza nyingine ya pensheni na hospitali tu, na mahesabu dada aonyeshwe kila mwezi. Nakala tumepeleka benki na ardhi.

Karani mstaafu
Safi sana. Kampa nani hiyo mpya?

Kitinda mimba
Bro. Nilimuuliza kwa nini, akasema wewe unakuja ukiwa na hasira tu. Imeniuma siwadanganyi.

Mama Pacha
Na kaka mtu kapokeaje?

Kitinda mimba
Hajaongea na mimi tangu Jumanne. Ila jana usiku kanitumia picha ya ile hati mpya, kurasa zote, bila neno.